Njia ya Punda Haikuchongwa kwa Baiskeli

Jirani yangu hapa Maskati ni bi mkubwa aliyezaliwa Unguja, na picha za mandhari hazimbabaishi. Nilimpa simu aone tulikokwenda Ijumaa na wenzangu: korongo la Wadi Ghul limezama chini mpaka macho yanachoka, jua la asubuhi ubavuni mwa jabali, mimi nimesimama na kofia yangu. Akapitisha ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Ya nne akaishikilia. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza juu, akaisogeza kushoto, mpaka mimi nikatoka kabisa kwenye kioo na kubaki kijiukuta cha mawe makavu kilichokuwa nyuma yangu.

"Hapa palilimwa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, hicho ni kijiji cha As Sab, wenyewe walikwishahama, na sisi tulikwenda kutembea tu. Mazoezi. Kubadili hewa.

Akanirudishia simu. "Babu yangu kateremka majabali hayo na punda wake, hataki kuyaona tena. Wewe mwanangu watia petroli kwenda kuyapanda?"

Tukacheka, kahawa ikazunguka, mazungumzo yakahamia harusi ya mjukuu.

Mimi nikabaki na lile swali wiki kadhaa.

Nitumie orodha

Lilinikuta wakati mbaya. Binamu yangu wa Tanga alikuwa amenitumia ujumbe: anakuja Januari na mwenzake, wote wagonjwa wa baiskeli, miguu yao imekomaa kwenye vilima vya Lushoto. Anataka orodha. Njia zipi za kupanda kwa miguu, zipi za baiskeli ya milimani, na lipi wakilikosa watajuta.

Orodha yenyewe si kazi. Jebel Shams, Jebel Akhdar, Wadi Shab, mchanga wa Sharqiya, na mkivuka mpaka, Hatta. Muulize yeyote anayeishi hapa na mwenye gari la kupanda milima, atakutajia hizohizo, pengine kwa mpangilio huohuo. Nikaandika jina la kwanza, nikasita.

Kila niliyotaka kuisifia ilikuwa njia ya mtu kwenda shambani, kwenda kisimani, kwenda sokoni, au kwenda zake moja kwa moja.

Ukingo wa As Sab

Nianze na ile ya kwenye picha. Wageni huiita matembezi ya roshani, na ramani za njia za Oman huiandika W6. Inaanzia Al Khitaym, barabara inapokomea, ambako wenyeji huuza mazulia ya sufu ya mbuzi waliyoyafuma wenyewe na watoto hukuandama na vikuku vya nyuzi. Kutoka hapo ni karibu kilomita nne, kimo cha kama mita 1,900 juu ya bahari, na kupanda na kushuka ni kidogo tu. Ugumu uko upande mmoja. Mkono huu ni ukuta wa jabali, mkono ule ni hewa, na chini yake kina kinachokaribia kilomita nzima.

Utaongozwa na rangi: mistari ya njano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa mawe. Ukitembea kitambo bila kuiona, rudi pale ulipoiona mara ya mwisho. Usijitafutie njia ya mkato; korongo lile halina mkato.

Wengine hukimbilia kilele cha Jebel Shams chenyewe, mlima mrefu kuliko yote Oman, kama mita 3,000. Ni safari ya kutwa nzima, na kilele cha kaskazini kina kituo cha jeshi, kwa hiyo wapandaji huishia kile cha kusini. Nimefika. Ni kuzuri, kuna upepo, nikapiga picha. Sina zaidi la kusema. As Sab ndiko kulikonikaa.

Vyumba vya mawe vimebanwa chini ya mwamba uliochomoza, ili mvua ipite mbele na jua la mchana lisiingie. Milango ni mifupi, lazima uiname. Ndani kuta zimeingia moshi wa miaka na miaka. Mbele ya vyumba kuna mashamba ya ngazi, kila ngazi upana wa mikeka miwili au mitatu, udongo wake ukiwa umebebwa na kutiwa humo kwa mikono, na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zikiuzuia usimwagike korongoni. Juu ya kijiji mwamba unatoa maji kidogo kidogo na kujaza kidimbwi. Hicho kidimbwi ndicho kilichowaweka watu pale, na watu ndio walioiweka njia.

Tukiwa tumekaa tunakula tende, wakatokea wawili na baiskeli.

Wa mbele alikuwa stadi, sina ubishi. Njia ilipobana alishuka, akaitia baiskeli begani, usukani ukakwaruza jabali, akapita. Wa nyuma hakushuka. Akabana breki, tairi la nyuma likaburuzika na kuchora upinde, jiwe moja la ukingoni likaondoka. Halikuwa jiwe lililojikalia tu. Pale ukingoni kuna mstari wa mawe yaliyopangwa ili mnyama mwenye mzigo asiteleze, na sasa kwenye mstari ule pana pengo.

Rafiki yangu tuliyekwenda naye, fundi wa viyoyozi na mwendesha baiskeli wa kufa mtu, akapiga makofi. Kwake yeye njia ni njia.

Walioshuka

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa Mmanga, Mwarabu wa Oman, ni nani. Duka la kona, mizani, daftari la madeni. Masimulizi yetu humwanzia bandarini, akiwa amekwishashuka jahazini na kifurushi chake. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza alifikaje huko alikopandia jahazi.

Alitembea.

Oman ya bara ilikuwa nchi ya mitende na mifereji. Mvua ikikosa miaka miwili mitatu, maji ya mfereji hupungua, mtende hunyauka, vijana huondoka. Walishuka kwa punda, kwa ngamia, kwa miguu, mpaka Mutrah au Maskati au Sur, wakangoja kaskazi iwachukue mpaka Unguja, Pemba, Mombasa. Waliofanikiwa walirudisha pesa nyumbani. Nenda Ibra au Al Mudhayrib, huko Sharqiya, uone majumba marefu ya kale yenye milango ya kuchonga: ile ni faida ya Afrika Mashariki imesimama jangwani.

Hapo nikakwama.

Ni rahisi kumwonea huruma kijana na punda wake kwenye ukingo ule. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Lakini jahazi lilimpeleka kwenye uchumi wa karafuu, na karafuu ya karne ya 19 ililimwa na kuchumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Wamanga wengi walikuwa mafukara waliouza mchele na chumvi kwa kibaba, hawakumiliki mtu wala mnazi. Wengine walimiliki. Sijui babu wa jirani yangu alikuwa upande gani, na sikumuuliza. Kuna maswali hayaulizwi kwenye kahawa ya mwenyewe. Kisha ikaja Januari 1964, na damu yake. Na baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliotawanyika nje, wengi wa watoto na wajukuu wa walioshuka wakapanda kurudi, wakiwa na Kiswahili mdomoni na Kiarabu cha kubahatisha.

Haya yote yako kwenye njia yenye upana wa hatua mbili. Ningemwandikiaje binamu "matembezi mepesi, saa mbili kwenda, beba maji"?

Nilifikiria kuacha kwenda kabisa. Nikaona huo nao ni unafiki. Mji Mkongwe nimezunguka mara ngapi nikila urojo, na kila ukuta wake una habari kama hizo?

Mtu wa falaji

Jawabu, au nusu yake, nililipata Jebel Akhdar.

Huko unafika kwa kupitia Birkat al-Mouz, na polisi wa kizuizini wanakagua gari: lisilo na uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne hurudishwa. Kabla hujapanda, shuka hapo dakika kumi uone Falaj al-Khatmayn, mfereji wa maji wa jadi, ukipita kando ya ngome. Oman ina falaji zipatazo 3,000 ambazo bado zinafanya kazi, na tano kati yake, huu ukiwemo, ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji hutolewa ardhini au chemchemini, yakashushwa kwa mteremko mdogo mno, kilomita nyingi, bila pampu. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya kufungulia maji. Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku.

Juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Saiq, kimo kama mita 2,000, kuna njia inayounganisha vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah. Binamu, hii usiikose. Unatembea katikati ya mashamba ya ngazi, mara nyingi juu ya kingo za falaji wenyewe, mguu huku na maji huku. Ukija Machi mwishoni au Aprili utakuta mawaridi yanachumwa alfajiri kwa ajili ya marashi. Ukija Agosti au Septemba ni makomamanga. Januari hakuna hiki wala kile, ila baridi, na njia ni yako peke yako.

Nilimkuta mzee mmoja akizibua mfereji. Alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja ndani ya maji mpaka kiwikoni, anatoa majani na tope na kuliweka pembeni kwenye lundo dogo. Kiarabu changu ni cha sokoni, lakini alikuwa na subira. Nikamuuliza, hamchoki na sisi? Kila wiki watu wanapita na vijiti vyao, wanapiga picha milango yenu?

Alichonijibu sikukitegemea. Akaonyesha ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko ambao mimi niliuona mtupu. Kulikuwa na njia pale, akasema, akiwa mtoto aliipita na baba yake. Barabara ya gari ilipokuja watu wakaiacha. Mvua kubwa ya kwanza ikachukua kipande, ya pili ikachukua kingine, hakuna aliyerudisha mawe, na sasa hata mbuzi hawaipiti. Hii ya wageni ingali hai kwa sababu inapitwa, na inayopitwa kuna mtu ataona faida kuitengeneza.

Nilikuwa nimekuja nikidhani sisi watembeao kwa raha tunawakosea walioipita kwa shida. Yeye alikuwa anahesabu mawe.

Nikapanda gari kurudi nikiwa mwepesi kidogo, lakini lile pengo la As Sab likanirudia kichwani.

Breki ya nyuma

Tuligombana mimi na rafiki yangu wa viyoyozi njia nzima kutoka Nizwa. Hoja yake si ya kitoto, kwa hiyo niiweke kama alivyoisema: punda mwenye gunia la tende ana uzito kuliko mtu na baiskeli, kwato zake ni ngumu kuliko mpira, na amepita pale mara elfu na elfu. Kama njia imemvumilia punda itamvumilia yeye.

Uzito ni kweli. Lakini kwato hukanyaga na kuinuka. Tairi linaloburuzwa kwenye mteremko huchora mfereji usiokatika, na maji ya mvua hayahitaji kualikwa mara mbili. Hapa hakuna nyasi wala mizizi ya kushika udongo. Mvua ikija huja kwa kishindo, hufuata kile kimfereji, hukichimba, na kikifika kwenye ukuta wa ngazi huutafuna kwa chini. Ukuta wa mawe makavu ukipoteza jiwe la msingi huanguka wote. Na aliyejua kuujenga yuko mjini, au yuko kaburini.

Akaniambia, na viatu vyako je? Vya kupandia, vyenye meno?

Navyo pia, nikasema. Ndiyo maana tunatembea katikati ya njia na hatukati kona.

Hatukuafikiana, ila mimi nimejiamulia. Njia ya zamani yenye kuta, falaji au ngazi, naipita kwa miguu. Baiskeli naipeleka kulikochongwa kwa ajili yake, au kulikochongwa kwa ajili ya gari.

Magurudumu yaende wapi

Hatta, kwanza kabisa. Iko upande wa Imarati, kipande cha Dubai kilichojitenga peke yake ndani ya milima ya Hajar, hatua chache kutoka mpaka wa Oman. Pale wamechonga njia za baiskeli za milimani zaidi ya kilomita 50, zimepangwa kwa rangi: kijani kwa anayejifunza, buluu, nyekundu, na nyeusi kwa asiyeipenda mifupa yake. Kuna pa kukodi baiskeli na pa kuziosha. Kutoka Maskati ni mwendo mrefu, na gari likivuka mpaka linahitaji bima ya upande wa pili, kwa hiyo wengi hulala hukohuko. Njia zimejengwa na watu wanaojua maji: kwenye mteremko utaona njia imeinuliwa kidogo kisha ikashushwa, mvua itoke pembeni badala ya kuifuata. Mwenye Lushoto miguuni aanze na buluu, kesho yake nyekundu.

Ya pili ni ile barabara inayotoka Al Hamra, ikapanda mpaka Sharaf al Alamayn, halafu ikajitupa upande wa pili kupitia Hatt na Wadi Bani Awf mpaka karibu na Rustaq. Ni ya magari, na magari yapo, kona zimefumba na madereva wengine ni wageni wa mlima kama wewe. Lakini sijaona mteremko kama ule. Kijiji cha Bilad Sayt kimekaa pembeni na mitende yake, na bondeni kuna uwanja wa mpira uliotandazwa katikati ya majabali, magoli yamesimama kana kwamba ni jambo la kawaida. Pumzika hapo hata kama hujachoka.

Ujumbe mmoja kuhusu breki. Usizibane kidogo kidogo muda wote ukishuka. Diski hupata moto, mafuta ya breki huchemka, na lever inalala mkononi bila kazi yoyote. Bana kwa nguvu, achia kabisa, bana tena. Ukifika chini usiiguse diski. Najua utaigusa.

Tairi: ondoa tyubu, tia dawa ya kuziba. Miiba ya migunga ya hapa hupita kwenye raba kama haipo. Mawe ya chokaa ya Hajar nayo hayatoboi, yanachana ubavu, na huo mchano dawa haiuwezi. Kata kipande cha tairi kuukuu ukiweke kwenye mfuko, utakishindilia kwa ndani ufike nyumbani.

Mchanga wa Sharqiya wengi hunisifia kwa baiskeli za tairi nene. Nimejaribu, karibu na Al Wasil. Upepo wa tairi unashushwa mpaka chini ya pauni kumi, unaondoka asubuhi kabla mchanga haujalegea kwa joto, na bado theluthi mbili ya safari unaisukuma. Tuta la mita mia, unasukuma nusu saa na kushuka nusu dakika. Wapo wanaopenda. Mimi ningepanda ngamia.

Kiu siyo inayoua peke yake

Kila mtu anakuja hapa akiogopa kiu, na aogope. Siku moja ya Juni 2018, huko Quriyat, kati ya Maskati na Wadi Shab, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Usiku! Kuanzia Mei mpaka Septemba nchi ya chini si ya kutembea wala kuendesha, hata kwa mtu wa Tanga anayejiona amezaliwa ndani ya joto. Joto la Tanga linakutoa jasho ukalihisi. La huku bara linakunyang'anya jasho kabla halijalowesha shati, unadhani u mzima, kumbe umekauka. Mimi hubeba lita tatu hata Januari, na chumvi kidogo.

Lakini kinachonitisha ni maji. Wadi ni njia ya mto usiokuwepo, na mto wenyewe huja bila wingu juu ya kichwa chako, kwa sababu mvua imenyesha mlimani saa mbili zilizopita. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu hapa Oman, wakiwemo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari huko Samad al-Shan. Siku chache baadaye ilikuwa zamu ya Imarati, mvua kubwa kuliko zote tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Mwaka ule hatukuingia wadini mpaka joto likatufukuza lenyewe.

Wadi Shab sasa. Unavushwa kwa boti ndogo, unatembea kama dakika arobaini na tano chini ya kuta za mwamba, unafika maji ya kijani, unaacha viatu, unaogelea kutoka kidimbwi hadi kidimbwi mpaka kwenye ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, na ndani yake pango lenye maporomoko. Ni raha, sina neno jingine. Ni kule kule ambako maji yakija hayana pa kupanuka. Hali ya hewa ikitajwa mvua kwenye Hajar yote, hata ikiwa pwani kweupe, usiingie. Na gari likifika kwenye wadi inayotiririka, simama. Kuvuka makusudi ni kosa kisheria, na sheria imewekwa kwa sababu watu hawasikii.

Nyuma ya Mutrah

Njia ya mwisho niliyoongeza haikuwamo kwenye orodha yangu ya mwanzo, kwa kuwa ni fupi na iko mjini. Inaandikwa C38. Inaanzia Riyam, kwenye ngazi za mawe, inapanda kilima cheusi, inapita mabaki ya kijiji na mashamba yake, halafu inashukia Mutrah nyuma ya soko. Saa mbili zinatosha ukienda na mtoto.

Mawe yake ni meusi kwa sababu ni sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita. Wanajiolojia huja kutoka mbali kuyagonga kwa nyundo. Mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Kabla barabara hazijachongwa, vijinjia kama hivi ndivyo vilivyopenya majabali yanayouzunguka mji. Mtu aliyetoka bara, siku kadhaa na punda wake, alilazimika kupita mahali fulani kama hapa ili afike majini.

Nilimpigia simu jirani yangu nikiwa juu. Nikamwambia nimesimama naona bandari yote, meli, ngome, kila kitu, na kwamba huenda babu yake alipita hapa.

"Huenda," akasema. "Au kapita kwengine. Ukishuka niletee ndimu kavu, za pale sokoni, si za supamaketi."

Nikamletea.

Basi, binamu

Hii hapa, na usiniulize mpangilio. As Sab kwa miguu, na ukiona jiwe la ukingoni limelegea lirudishe. Vijiji vitatu vya Jebel Akhdar, kwa miguu, na msalimie kwa salamu kamili anayezibua falaji kabla hujatoa simu. Mutrah jioni. Wadi Shab ikiwa mbingu imekubali. Wadi Bani Awf na Hatta kwa baiskeli. Mchanga, ukipenda adha.

Rafiki yangu wa viyoyozi bado anasema njia ni njia. Desemba tunakwenda Hatta, ile nyekundu, na ameapa kunionyesha kwamba breki ikibanwa na mwenye akili haiachi mfereji. Nimemwambia sawa, ila vipande vya tairi kuukuu alete yeye, mara hii vyangu simpi.